Uliza Ujibiwe: Mbunge amesema atamuuliza waziri, sasa ndo nini?

Wiki hii barua nyingi zimekuja na jambo moja, wabunge na maswali yao kwa mawaziri, basi nimeona nizijibu pamoja. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu naona wengi mko kwenye hali hiyohiyo.

SWALI: Jambo dada. Mimi ni mama ya watoto wanne, tulitoka Uvira, Congo, tukakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi, sasa huu ni mwaka wa tatu tuko Australia kwenye mji moja mdogo kaskazini ya Victoria. Nyumba zetu ni zile mpya za nje ya mji, basi ya abiria haifiki, watoto wanatembea pembeni ya barabara ya malori asubuhi na wakati wa baridi kunakuwa bado giza. Nilienda kwa ofisi ya mbunge nikaeleza, yule msichana wa pale akaandika. Kisha wakanitumia imeili ati mbunge ameuliza waziri bungeni, wakaweka na karatasi. Nimesoma, swali ni mistari sita tu na jibu hakuna. Dada, hii ni kazi ama wamenifukuza kwa adabu? — Mama wa Wanne

JIBU: Mama wa Wanne, hujafukuzwa. Ulichopata ni kitu cha maana kuliko unavyofikiri, ila kazi ndo imeanza haijaisha, na nataka uelewe kila hatua ili usije ukaiachia njiani.

Kwanza tuelewane kwenye maneno maana hapa wengi wanachanganyikiwa. Sisi tuliotoka Tanzania tukisema jimbo tunamaanisha eneo la mbunge mmoja, lakini huku jimbo ni Victoria nzima, ina serikali yake, ina bunge lake pale Spring Street Melbourne, ina mawaziri wake na mkuu wao anaitwa Premier. Kwahiyo hapa nikisema jimbo ni Victoria, lile la mbunge mmoja nitaliita eneo. Bunge hilo lina nyumba mbili. Ya chini ina wabunge 88, kila mmoja na eneo lake. Ya juu ina 40, wamegawanywa kwenye kanda 8 na kila kanda ina wabunge 5. Piga hesabu mama, wewe una wabunge sita sio mmoja, huyo wa eneo lako na wale watano wa kanda. Hilo liweke kichwani tutalirudia.

Sasa ile karatasi. Mawaziri wa Victoria wenyewe ni wabunge, wanakaa humohumo ndani, kwahiyo siku za vikao kuna muda wa kuwauliza maswali. Sehemu ya kwanza ni ile ya kelele mnayoiona kwenye taarifa ya habari, upinzani wanauliza, waziri anajibu papo hapo, na katikati mawaziri wanapewa nafasi ya kutoa taarifa zao. Zamani katikati hapo wabunge wa chama tawala walikuwa wanauliza mawaziri wao maswali laini ya kuwapamba, Waaustralia wanayaita Dorothy Dixer, jina limetoka kwa mwandishi wa Marekani aliyekuwa na safu ya kujibu barua za wasomaji kama hii yangu na watu wakamshuku kwamba barua zingine anajiandikia mwenyewe. Victoria waliyaondoa kwenye nyumba ya chini mwaka 2015 wakaweka hizo taarifa za mawaziri badala yake, na mimi naona walifanya vizuri sana maana ule muda ulikuwa unapotea bure.

Kelele zikiisha ndo inakuja sehemu yako, na hii kwenye habari hawaonyeshi kabisa. Wabunge kumi, watano wa serikali na watano wasio wa serikali, kila mmoja anapewa dakika moja aulize swali la eneo lake. Dakika moja tu. Ile mistari sita uliyoona ndo dakika yenyewe hiyo, hakukupunja. Na waziri hajibu palepale, anatakiwa alete jibu la maandishi ndani ya siku 30. Ndo maana hukuona jibu! Angalia tarehe juu ya karatasi yako, hesabu siku 30, andika kwenye kalenda ya ukutani kabisa.

Unajua uzuri wake uko wapi? Ukimlilia mbunge ofisini ni maneno yako na yake, yanaishia pale. Ila swali likishasomwa ndani linaingia kwenye Hansadi, ambayo ni kumbukumbu ya kila neno linalosemwa bungeni, mtu yeyote anaweza kuisoma kwenye intaneti. Halafu linashuka wizarani, afisa wa mabasi ambaye hajawahi kusikia jina la mtaa wenu inabidi akae chini afungue faili aandike kitu ambacho waziri ataweka jina lake. Hapo ndo watoto wako wanatembea pembeni ya malori mbele ya macho ya serikali. Basi lenyewe halijaja bado, usinielewe vibaya, swali halinunui basi. Lakini jibu likiandikwa serikali imejifunga kwenye karatasi na hiyo karatasi unaweza kurudi nayo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui na linaharibu maswali mengi. Hilo swali la dakika moja lazima liwe swali la kutaka habari. Mbunge akisema "naomba waziri alete basi mtaani kwetu" hilo ni ombi, Spika anaweza kulikataa likapotea hivihivi. Akisema "Je, waziri anaweza kueleza wizara imefanya tathmini gani kuhusu usalama wa wanafunzi wanaotembea kutoka mtaa fulani hadi shule fulani", hilo linapita. Kama unataka kuomba kitu kifanyike ipo njia yake, jioni kabla bunge halijafungwa kuna hoja ya kuahirisha kikao, pale mbunge anasimama anataja waziri na anasema wazi kitendo anachokitaka. Kwahiyo mwambie mbunge wako atumie zote mbili. Leo aulize kupata habari, jibu likija, aombe kitendo akiwa nalo mkononi.

Na huyo waziri ni yupi? Hapa pana mtego. Basi la kawaida la abiria liko chini ya waziri wa usafiri wa umma. Basi la shule la vijijini linahusu elimu, na sheria yake kubwa ni umbali, mtoto awe anakaa kilomita 4.8 au zaidi kutoka shule ya karibu inayomfaa. Kama nyinyi mko kilomita 4.5 mtaambiwa hamstahili na faili litafungwa, na hapo ndo swali lihamie kwa waziri wa usafiri wa umma. Kwahiyo kabla ya yote pima. Simu yako ina ramani, pima kutoka mlangoni hadi geti la shule kwa barabara wanayopita watoto, sio kwa jicho.

Nikupe na la kwangu. Miaka ya nyuma nilisaidia akina mama wenzangu wa kanisani kuandika barua kwa mbunge kuhusu basi ambalo lilikuwa linakata safari jioni mapema, wanaofanya usafi usiku wanabaki stendi. Tuliandika kurasa nne, machozi matupu, tangu safari yetu ya kuja huku. Ofisi ikatujibu kwa upole na maswali matatu tu, basi namba ngapi, la mwisho linaondoka saa ngapi, na watu wangapi wanaachwa. Hatukuwa na jibu hata moja. Tukakaa wiki mbili tunahesabu na daftari pale stendi, tukarudisha nusu ukurasa, na hiyo nusu ukurasa ndo ilisomwa bungeni karibu neno kwa neno. Sisi tumezoea kueleza tangu mwanzo ili mtu atuhurumie, na ni adabu yetu nzuri tu, ila dakika moja haina nafasi ya hayo. Jina la barabara, idadi ya watoto, saa ngapi wanatoka, kilomita ngapi, lori ngapi umehesabu kati ya saa mbili kasorobo na saa mbili na nusu. Basi.

Jibu likija kavu, mfano "wizara inaendelea kufuatilia mahitaji ya eneo hilo", usikae nalo. Rudi ofisini uombe swali la maandishi la kawaida, hilo nalo lina siku 30, ulizeni kitu kimoja kidogo kinachohesabika, kwa mfano tathmini ya mwisho ya njia za basi hapo mjini ilifanyika mwaka gani. Na kumbuka wale watano wa kanda! Waandikie wote, wa chama chochote, nao wana nafasi zao za kuuliza kwenye nyumba ya juu na waziri akiulizwa jambo moja kutoka pande mbili anajua halitakufa. Ila msichelewe, uchaguzi wa jimbo ni kila miaka minne Jumamosi ya mwisho ya Novemba, wa 2022 ulikuwa tarehe 26 na unaofuata ni 28 Novemba 2026, bunge likimaliza muda wake maswali ambayo hayajajibiwa yanakufa nalo na mnaanza upya.

SWALI: Dada mi niko Toowoomba, Queensland, nimesikia kwenye kikundi chetu wanasema huku hakuna nyumba ya juu, ni kweli? Na mbunge anaulizaje?

JIBU: Kweli kabisa, Queensland waliifuta nyumba ya juu mwaka 1922, imebaki moja yenye wabunge 93. Kwahiyo wewe una mbunge mmoja tu wa jimbo, akilala umelala naye. Ila ana haki ya kuwasilisha swali moja la maandishi kila siku ya kikao na waziri anatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Moja kwa siku sio nyingi na maeneo ni makubwa, kwahiyo andaa lako mapema kabla ya wiki ya vikao na umpelekee likiwa fupi tayari.

SWALI: Nimemwomba mbunge wa jimbo letu amuulize waziri kwa nini viza ya mke wangu imekaa miaka miwili. Amenijibu sio kazi yake. Si wananidharau hawa?

JIBU: Hapana kaka, hapo kasema kweli. Viza na uhamiaji ni serikali ya shirikisho, ile ya Australia nzima iliyoko Canberra. Medicare, ile bima ya afya ya serikali, na Centrelink, wale wa malipo ya msaada, vilevile. Jimbo ni shule, hospitali, polisi, treni na mabasi, barabara kubwa. Takataka na taa za mtaani ni halmashauri ya mji. Hata yule Lucy Gichuhi, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa seneta kuanzia 2017 hadi 2019, watu walikuwa wanafurahi naye mpaka wanafikiri angesaidia mambo ya shule, kumbe alikuwa Canberra akiwakilisha South Australia. Tafuta mbunge wako wa shirikisho, ofisi yake inaweza kuulizia faili la mke wako, na miaka miwili ni mingi, pole sana.

SWALI: Shikamoo dada. Mimi nipo mkoa wa Morogoro, mbunge wetu kauliza barabara yetu mara ya tatu sasa, kila mara "Serikali itajenga fedha zikipatikana." Hayo maswali yana faida gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nyumbani tuna kitu ambacho huku kwenye swali la dakika moja hawana, maswali ya nyongeza. Naibu waziri akishasema "kwa niaba ya Waziri naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo", mbunge wako anasimama tena na maswali mawili papo hapo. Wengi wanayatumia kupongeza alafu wanauliza lilelile! Hapo ndo pa kubana.

Wewe kaa na yale majibu matatu, yapo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, yaweke sambamba usome vitenzi. "Itaendelea" haina kitu ndani. "Ina mpango" kuna karatasi mahali. "Imetenga" na shilingi na mwaka wa fedha, hiyo ni bajeti, hapo mbunge aulize kwenye nyongeza zimetoka kiasi gani na mkandarasi ni nani. Na hakikisha mnauliza mlango sahihi, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS chini ya Ujenzi, za wilaya na vijijini ni TARURA ambayo ipo tangu 2017 na majibu yake yanatoka TAMISEMI. Nimeona barabara ya TARURA ikiulizwa Ujenzi, mwaka mzima umepotea kwa jibu la "haipo chini yetu." Uliza kwa mtendaji wa kata barabara yenu ni ya nani kabla mbunge hajarudi Dodoma.

SWALI: Mi Kiingereza changu hakitoshi na sina uraia, siwezi kupiga kura. Mbunge atanisikiliza kweli? Niko Melbourne.

JIBU: Atakusikiliza, ofisi ya eneo inahudumia wanaokaa pale, hawakuulizi kadi ya kura. Watakachokuuliza kwanza ni anuani, ndo wajue kama uko eneo lao, na kama hujui eneo lako ingia tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya Victoria uandike anuani itakuonyesha. Lugha isikutishe. Piga 131 450, ni huduma ya serikali ya wakalimani wa simu, sema "Swahili" tu halafu subiri, atapatikana mtu, yeye ndo atakuunganisha na ofisi ya mbunge mkiwa watatu kwenye laini. Uwe na yale yako mkononi, barabara, saa, idadi, na kabla hujakata simu muulize anayekuhudumia jina lake na lini atakurudia.