Sabuni Inayokuja Baada ya Pilau: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kunawa Mikono

Swali: Assalaam aleikum. Mtaani kwetu, katika hitima na harusi, wageni hupitishiwa beseni la maji kabla ya sinia kuwekwa. Kila mmoja hutumbukiza mkono, akausugua kidogo, kisha akampisha mwenzake. Juzi nilikataa, nikaambiwa najidai. Je, kunawa kwa namna hii kuna faida yoyote, na mtu afanye nini bila ya kuwavunjia wenyeji heshima? — Msomaji, Kwahani, Unguja

Jawabu: Wa aleikum salaam. Anayetumbukiza mkono wa kwanza amenawa kidogo. Anayetumbukiza wa kumi amejipaka ya wale tisa waliomtangulia. Uchafu wa mkononi, pamoja na vijidudu vilivyomo ndani yake, hunata kwenye mafuta ya ngozi, na maji matupu hayayawezi mafuta. Sabuni huyaweza kwa sababu kila chembe yake ina ncha mbili, moja hushikamana na mafuta na nyingine na maji, hivyo uchafu hubanduka na kuwa tayari kuondoka. Lakini ili uondoke, lazima maji yaende zake. Maji yaliyotulia katika beseni hayaendi popote, na uchafu nao umo humo humo ukimsubiri anayefuata.

Mwandishi wa safu hii aliwahi kukaa mwisho wa mkeka katika shughuli moja, na beseni lilipomfikia lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, huku punje mbili tatu za wali wa mkupuo wa kwanza na ganda la iliki vikielea juu. Wala haukuwa uchoyo wa maji, kwa kuwa pipa lilikuwa limejaa uani. Yalikuwa ni mazoea tu.

Ajabu ni kwamba mazoea haya si ya asili yetu. Wazee wetu walitumia birika na bakuli lake: kijana wa nyumba hupita na taulo begani, akammiminia kila mgeni maji mikononi kuanzia mkubwa wao, na maji machafu yakaangukia bakulini bila ya kuguswa tena na mtu. Kwa watu kumi na wawili ilikuwa adabu nzuri, na kwa kipimo cha leo ni kunawa sahihi kabisa, kasoro sabuni. Shughuli zilipoanza kuwa za watu mia tatu, birika likaonekana linachelewesha watu, likaingia beseni la plastiki.

Na hiyo sabuni nayo tunayo, ila tunaileta imechelewa. Tazama shughuli yoyote: kabla ya kula ni maji peke yake, na baada ya kula ndipo kipande cha sabuni kinapopitishwa, ili kutoa mafuta na harufu ya nyama. Tunaisafisha mikono isije ikaichafua kanzu, baada ya kwisha kuitia kinywani. Ikiwa wenyeji wana sabuni ya kutolea pilau mkononi, basi wanayo ya kuipokelea pia, na mabadiliko yote yanayohitajika ni kuitanguliza.

Kwa mwenye shughuli, ndoo mbili zenye koki zilizowekwa juu ya viti mlangoni, karai chini ya kila moja, sabuni pembeni na kijana mmoja wa kuongeza maji, zitawatosha wageni wengi kwa sababu watu hunawa wakiwa wanaingia. Kwako wewe mgeni, usilikatae beseni mbele za watu. Toka ukanawe kabla hujakaa, na likikufikia sema kwamba umeshanawa. Sijapata kumuona mwenyeji aliyechukizwa na jawabu hilo.

Swali: Baba yangu anasema kwamba mtu anayesali sala tano hana haja ya kufundishwa kunawa mikono. Mimi nasomea uuguzi na tumebishana hadi mama akaingilia kati. Nani kati yetu ana haki? — Binti wa Wete, Pemba

Jawabu: Baba yako ana haki zaidi ya unavyomdhania. Udhu huanza kwa kuosha viganja mara tatu, kupitisha vidole baina ya vidole ni katika sunna zake, na mafundisho ya kwamba aliyeamka usingizini asitie mkono chomboni mpaka auoshe mara tatu yamo katika hadithi sahihi. Huko Ulaya ilibidi kungojewa hadi mwaka 1847 ndipo Ignaz Semmelweis, daktari katika hospitali kuu ya Vienna, alipowaamuru madaktari na wanafunzi wao waoshe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kuwahudumia wazazi. Vifo katika wodi yake vilikuwa kiasi cha 18 katika kila wazazi 100 mwezi wa Aprili, na kufikia Juni vilishuka hadi kiasi cha 2. Hata hivyo wenzake wengi walimpinga.

Lakini nawe usishindwe moja kwa moja. Udhu ni tohara ya ibada, na hukumu zake ni za masheikh, si za safu hii. Mtu anaweza kutia udhu adhuhuri, akakaa nao hadi alasiri bila ya kutenguka, na katikati ya sala hizo mbili akawa amepima dagaa, amehesabu noti na ameshika chuma cha daladala. Udhu wake upo, na mikono yake ni michafu. Mambo hayo mawili hayagombani.

Pahala ambapo maji matupu hayatoshi kabisa ni baada ya choo, hasa kwetu sisi tunaojitahirisha kwa mkono. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hutoka kwa njia hiyo, na mpini wa kopo la chooni hushikwa na kila aingiaye. Sabuni ipite viganjani, migongoni mwa mikono, baina ya vidole na chini ya kucha kwa muda wa sekunde 20 hivi. Mwambie baba aibebe hoja hii kwenye kamati ya msikiti wake, kwamba karibu na mfereji wa chooni pawekwe sabuni. Akiisema yeye itasikilizwa kuliko tukiisema mimi na wewe.

Swali: Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi. Mfereji wetu hutoa maji kwa siku, na sabuni tukiiweka asubuhi haifiki saa nne. Tufanyeje? — Mwalimu, Micheweni, Pemba

Jawabu: Mwalimu, tengenezeni vibuyu chirizi. Dumu la lita tano hutobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto upande wa juu, chini kidogo ya shingo, likaninginizwa kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba hufungwa shingoni mwa dumu na kuteremka hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mtoto akikanyaga, dumu huinama na maji huchirizika, akiachia, hukatika. Hakuna anayegusa chochote kwa mkono mchafu, na maji yanayotumika ni machache mno ukilinganisha na ya mfereji uliosahauliwa wazi. Mwageni kokoto chini yake pasije pakawa dimbwi.

Kuhusu sabuni, mche hauwezi kudumu skuli kwa sababu unaingia mfukoni. Changanyeni gramu 30 za sabuni ya unga, yaani kiasi cha vijiko viwili vya chakula, katika chupa ya maji ya lita moja na nusu, mtoboe kifuniko, na chupa ifungwe kwa kamba kwenye nguzo. Maji ya povu hayana mnunuzi. Mahali pafaapo ni baina ya choo na madarasa, kwenye njia ya kurudia, kwani mtoto wa darasa la pili hatazunguka jengo zima kutafuta pa kunawa kengele ikiwa imelia. Nanyi mnaposimamia, tazameni kucha: mayai ya minyoo hujificha humo, na dawa za minyoo wanazopewa watoto skuli huwatoa minyoo waliomo tumboni tu, haziwazuii watakaoingia kesho.

Swali: Ninauza urojo jioni. Siku hizi navaa glovu ya plastiki ili wateja waridhike. Inatosha? — Mama wa Biashara, Mji Mkongwe

Jawabu: Inategemea, mama, hiyo glovu inashika nini. Simama pembeni ya meza yako dakika tano tu ujitazame: mkono wenye glovu umetia bajia bakulini, umepokea noti ya elfu mbili, umetafuta chenji kwenye kopo, umerudi kwenye bajia. Glovu haioni haya kama mkono, kwa sababu mvaaji hahisi unata wala jasho, kwa hiyo haoshi. Ni afadhali mkono mtupu uliooshwa kwa sabuni, na kijiko au koleo la kutilia vitu, huku mtu mwingine akishika pesa. Ukiwa peke yako, shika pesa kwa mkono wa kushoto na chombo kwa wa kulia, na ndoo yenye koki iwe karibu.

Bakuli na vijiko nalo ni jambo lile lile la beseni. Kuvichovya katika ndoo moja tangu magharibi hadi saa nne usiku si kuviosha. Kisiwa hiki kinakijua kipindupindu. Kile kilichoingia mwaka 1869 kiliua maelfu ya watu, na katika miaka yetu wenyewe tumeona uuzaji wa vyakula na juisi barabarani ukisimamishwa kwa ajili yake. Anayekosa kipato siku hizo ni wewe.

Swali: Nikisafiri kwa boti nabeba kitakasa mikono. Kinaweza kuchukua nafasi ya sabuni? — Msafiri wa Mkoani

Jawabu: Ndiyo, kwa mkono usioonekana uchafu wala mafuta, ikiwa spiriti iliyomo si chini ya asilimia 60 na ukiusugua mkono mpaka ukauke wenyewe. Usiufute kwa leso. Hakifai kwa mkono uliotoka kumshika mwanao anayetapika, wala baada ya choo, kwani baadhi ya virusi vya kuharisha huvistahamili vitakasa. Baada ya hayo subiri zamu yako kwenye sinki la boti, na kipande cha sabuni uwe nacho mwenyewe ndani ya mkoba.