Maswali na Majibu: Msumeno wa mnyororo wa zamani, nikague nini kabla ya kutoa hela?

SWALI: Mimi si mkata mbao, ni mpenzi tu wa mashine za zamani. Nimeonyeshwa misumeno miwili ya mnyororo. Mmoja ni wa miaka ya 1960, wa kuwashia kwa pointi (vibati vidogo vinavyokata na kuunga umeme ili plagi itoe cheche), na haujawaka siku nyingi. Wa pili ni wa miaka ya 1980, umepakwa rangi upya, na muuzaji anaapa kwamba unawaka kwa mvuto mmoja. Moyo wangu uko kwa huo mkongwe, ila naogopa. Fundi, nichukue upi?

JIBU: Ndugu msomaji, mimi hiyo rangi mpya ndiyo inayonitia wasiwasi, kuliko ukimya wa mkongwe. Msumeno uliofanya kazi huchubuka mahali panapojulikana: kwenye mshikio, na upande wa mnyororo ambako unga wa mbao hugandamana na oili. Alama hizo zikifutwa, nami hujiuliza kimefutwa nini kingine. Niliwahi kununua mmoja unaong'aa. Kuufungua, nusu ya skrubu zilikuwa zimeshikwa na gundi, uzi wake umekwisha.

Kwa hiyo anza na ekzosi. Kwa misumeno mingi ni nati au skrubu chache tu. Ukishaitoa, chomoa plagi, vuta kamba polepole na umulike tundu la moshi kwa tochi. Pistoni ikipanda utaona ubavu wake, na ringi utaziona zikipita. Ubavu usio na kasoro ni laini, pengine hata mistari myembamba ya kiwandani bado ipo. Uliokufa una mikwaruzo ya wima, kama mtu aliyepitisha msumari, na aluminiamu iliyopakaa hadi ringi haichezi tena kwenye mfereji wake. Mikwaruzo ikiwa upande wa ekzosi, mara nyingi injini iliendeshwa bila oili kwenye petroli au ilikuwa inavuta hewa ya wizi, yaani hewa inayopenya kwenye ufa badala ya kupita kwenye kabureta. Ikiwa upande wa kabureta, vumbi limepenya chujio. Muuzaji akikukatalia kufungua nati mbili, ameshakujibu.

Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kinasaidia, lakini usikiabudu. Injini yenye afya huonyesha psi 150 hivi (psi ni kizio cha shinikizo). Chini ya 120 naanza kutilia shaka. Ila kipimo cha gari chenye mpira mrefu, ambacho vali yake iko mbali na plagi, kitakudanganya kwa kusoma chini, kwa sababu silinda ya msumeno ni ndogo na hewa yake inaishia kujaza mpira.

Huo wa miaka ya 1980 omba uukute wa baridi. Gusa silinda kabla muuzaji hajavuta kamba: ikiwa ina joto, amekwishaubembeleza kabla hujafika. Ukiwaka, uache ungurume taratibu bila kubonyezwa mafuta, kisha muombe auinamishe kushoto na kulia. Mlio ukipanda wenyewe, au ukiachia kitufe cha mafuta injini inachelewa kutulia, shuku sili za krenki shafti (mipira inayozuia hewa kwenye mhimili wa injini) au mpira wa kabureta. Hewa ya wizi hupunguza mafuta, na pamoja nayo oili, na pistoni haimalizi msimu. Halafu uzime na uuwashe tena ukiwa wa moto. Hapo ndipo kompresheni iliyochoka na koili mbovu, ile inayozalisha umeme wa plagi, hujitangaza.

Mkongwe, kwa upande wake, huenda ana uchafu tu kwenye pointi. Chomoa plagi, iegemeze kwenye chuma cha silinda mbali na tundu lake, vuta kamba uone cheche. Ikikosekana, usikate tamaa: pointi husafishwa, na kondensa mbadala (kijikopo cha umeme kinachofanya kazi na pointi) si jambo la ajabu. Koili ya elektroniki ya miaka ya 1980 ikifa, na kiwanda kimeacha kuitengeneza, umenunua pambo. Watu hudhani cha zamani zaidi ndicho kigumu zaidi kutengeneza; kwenye moto wa plagi mara nyingi ni kinyume.

Mipira haina mjadala. Daiaframu za kabureta (ngozi nyembamba zinazosukuma petroli), bomba la petroli na sili hukauka hata mashine ikilala kabatini, kwa hiyo gharama yake iweke kwenye bei tangu mwanzo. Na kabla ya kulipa, tafuta pistoni na ringi za modeli hiyo hiyo. Usiridhike na "zinafanana".

Jambo moja linanifanya nisikusukume moja kwa moja. Misumeno mingi ya miaka ya 1960 haina breki ya mnyororo, na mtikisiko wake hutia vidole ganzi. Mnyororo ukigonga gogo kwa ncha ya bapa (chuma kirefu kinachobeba mnyororo), msumeno hurukia usoni na hakuna cha kuusimamisha. Uwashe, ukate gogo lililolala chini, uurudishe rafuni.

Nikiona pistoni safi, ningechukua mkongwe. Mchanganyiko wake ningeutia mililita 125 za oili nzuri ya sasa kwa lita 5 za petroli, hata kama kibao chake kinadai zaidi. Hesabu ya kibao ilifanywa kwa oili za enzi zile.