Mume wangu anaogopa kikundi

Swali: Mume wangu anataka kuacha gongo ila anaogopa kikundi, eti atasimamishwa ajieleze. Naweza kumsindikiza? – Mama Wawili, Mbagala

Jibu: Dada, halazimishwi mtu kusema. Kwenye vikao vya Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, sharti ni moja: nia ya kuacha kunywa. Hakuna kiingilio; kikapu cha mchango kikipita, mgeni akipitishe tu. Zamu ikimfikia, aseme "leo nasikiliza", inatosha. Uliza kwanza kama kikao ni cha wazi, ndipo uingie naye; cha ndani ni cha wanywaji peke yao.

Lakini kama anakunywa kila siku, tafadhali asikate ghafla nyumbani. Mikono hutetemeka, jasho humtoka, na ndani ya siku mbili anaweza kushikwa na degedege. Aanzie hospitali, kitengo cha afya ya akili. Hapo hapo aulizie vikundi.