Shangazi Muuguzi na Usingizi wa Mchana

SWALI: Shikamoo, Mshauri. Shangazi yangu ni muuguzi wa hospitali. Hakujaaliwa mtoto, na sisi watoto wa kaka yake ndio tumekuwa wake: hutulipia ada, hutununulia sare, na hata mikutano ya wazazi shuleni huhudhuria akiwa ametoka zamu ya usiku. Siku hizi akirudi anajifungia chumbani na kuzima simu, na tukimuuliza habari za kazini anajibu kwa mkato. Mdogo wangu akiugua, bibi huamuru tumwamshe. Juzi alikuja juu, akasema yeye si zahanati. Je, ametuchoka? — Binti wa Kaka.

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mtu aliyekuchoka haendi kwenye mkutano wa wazazi wako akitoka kukesha wodini, angekwenda kulala. Kwa jinsi ulivyoeleza, kilichochoka ni mwili wake, na nyumba yenu bado haijakubali kwamba kwake yeye saa nne asubuhi ni usiku wa manane.

Fikiria kazi anayoifanya saa kumi alfajiri, wakati mwili wa binadamu unadai usingizi kwa nguvu zote. Mbele yake kuna dripu ya mililita 1,000 iliyoagizwa iishe kwa saa 8. Ikiwa mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita, anapaswa kuulegeza au kuubana hadi matone yafikie takribani 42 kwa dakika, akiyahesabu huku jicho moja liko kwenye saa, kisha ahamie kitanda kinachofuata, apime joto, ahesabu pumzi na kuandika yote kwenye chati. Zamu ikiisha haondoki papo hapo. Hukabidhi wagonjwa kwa muuguzi anayeingia, akimweleza nani amepewa dawa gani, nani hajapata mkojo tangu usiku, na nani asiachwe bila kuangaliwa.

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa na umakini sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Sasa piga hesabu: muuguzi aliyeamshwa saa sita mchana, asilale tena, akaingia zamu jioni, hufikisha saa hizo 17 kabla hajakabidhi wodi asubuhi. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na usingizi wa mchana tayari ni mwepesi kwa sababu mwanga huuambia mwili uamke. Kwa hiyo pazia zito, redio iliyopunguzwa sauti na mlango usiogongwa ni sehemu ya usalama wa wagonjwa wake, wala si kudekezwa.

Kuhusu mdogo wako, namheshimu bibi, lakini hapa sikubaliani naye. Muuguzi aliyekurupushwa usingizini, asiye na vipimo wala dawa, na anayempenda mgonjwa kiasi cha kuogopa, si mtu sahihi wa kuamua kwamba mtoto apelekwe hospitali au abaki nyumbani. Mtoto mdogo akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachopewa, akipata degedege, akilegea asiamke au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, na shangazi aelezwe akiamka. Mafua yanaweza kumsubiri. Mwambie bibi kwa upole, ikiwezekana shangazi mwenyewe akiwapo na akiwa amepumzika, maana neno la muuguzi lina uzito ambao la mjukuu halina.

Habari za kazini anazikatisha kwa sababu analazimika. Siri ya mgonjwa haitoki wodini, hata kwa mpwa anayependwa. Tena zipo siku ambazo mgonjwa aliyemhudumia kwa wiki nzima amefariki mikononi mwake, na huzuni hiyo hawezi kuisimulia bila kumtaja marehemu. Badala ya kumuuliza nini kimetokea, muulize kama usiku ulikuwa mzito. Akijibu ndiyo, inatosha.

Ratiba ya zamu huwa inatolewa mapema. Mwombeni nakala, muibandike mahali ambapo kila mtu anaiona, na shughuli za familia zipangwe katika siku zake za mapumziko. Sikukuu ikiangukia zamu yake, isogezeni siku moja, kwani wodi haifungwi sikukuu.

Jambo moja katika barua yako limenishangaza. Nimemwona bibi, nimemwona shangazi, lakini baba yenu sikumwona. Kama yupo na ana afya, mkutano ujao wa wazazi aende yeye.