Magari mawili, rimoti moja

Dada, umeuliza kwa nini rimoti moja inaendesha magari yote mawili ya kuchezea ya wanao, na kwa nini moja linakwamakwama likifika mbali. Hayajaharibika, usimpe fundi hela yako bure. Ukibonyeza rimoti moja yakakimbia yote mawili, maana yake yanatumia masafa yaleyale ya mawimbi ya redio. Geuza gari uangalie karibu na kifuniko cha betri, au soma boksi. Mara nyingi utakuta pameandikwa 27MHz, ndiyo namba ya masafa hayo. Gari la bei rahisi halitambui rimoti yake. Kipokezi kilichomo ndani kinatii amri yoyote inayokuja kwa masafa hayo, hata ikitoka kwa mtoto wa jirani.

Mwenye duka akikubali, rudisha moja uchukue la 49MHz, ili masafa yatofautiane. Mimi lakini ningeongeza hela kidogo nichukue la 2.4GHz: ukiliwasha linajiunga na rimoti yake tu, nyingine halizisikilizi.

Na hilo gari linalokwamakwama likifika mbali na rimoti, kwanza badilisha betri za rimoti, zote kwa mpigo, usichanganye mpya na kuukuu. Kisha tazama ule waya mwembamba unaoning'inia kwenye gari. Ndiyo antena. Watu huukata wakidhani umezidi! Usiuguse na mkasi, unyooshe tu.