Habari za Shule Zikufikie Wewe Mzazi, Zisipitie kwa Mtoto

Wazazi wenzangu mlio Columbus na vitongoji vyake, nanyi mlio Dallas, Louisville au Grand Rapids, nawaandikia kutoka hapa Columbus, Ohio, kuhusu jambo ninaloliona kila shule zinapofunguliwa mwezi wa nane. Shule inatuma habari, na habari inaishia kwenye simu ya mtoto. Mtoto ndiye anayejua nenosiri, mtoto ndiye anayesoma Kiingereza, na mtoto ndiye anayemweleza mama kilichoandikwa. Naye huchagua cha kueleza. Hata akiwa mkweli kabisa, kijana wa miaka 13 hapaswi kubebeshwa kazi ya kuwa mlango kati ya mwalimu na mzazi wake.

Nina watoto watatu katika shule za umma upande wa mashariki wa Columbus, na nimekaa na akina mama wengi wa kanisani kwetu, wengi wao wametoka Uvira na Baraka kupitia kambi ya Nyarugusu, tukipanga simu zao vizuri. Ninayoyasema hapa nimeyaona yakifanya kazi.

Anzia ofisini kwa shule, ana kwa ana. Usianzie kwenye simu. Mtoto alipoandikishwa ulijaza fomu inayouliza lugha mnayoongea nyumbani, na wengi wetu tuliambiwa na jamaa tuandike Kiingereza ili mtoto asirudishwe nyuma darasani. Ushauri huo unatuumiza. Mwombe karani afungue taarifa za mtoto mbele yako uhakikishe mambo matatu: namba yako ya simu ni ya sasa, barua pepe iliyoandikwa ni yako na si ya mtoto wala ya shemeji aliyekupokea uwanja wa ndege, na lugha ya mawasiliano ni Kiswahili. Ukitoka hapo, pakua programu ambayo wilaya yako ya shule, yaani mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo lenu, inatumia kutuma ujumbe, ingia kwa barua pepe hiyo, kisha chagua lugha yako kwenye mipangilio. Yetu ina Kiswahili. Siku ya theluji, saa kumi na moja alfajiri, utajua mwenyewe kama shule imefungwa au itachelewa kuanza kwa saa mbili, bila kumwamsha mtu akusomee.

Tafsiri ya mashine inatosha kwa habari za theluji na picha za darasa. Haitoshi kwa mambo mazito: mtoto kusimamishwa shule, kupimwa kwa ajili ya elimu maalumu, au kuwekwa kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza. Kwa hayo omba mkalimani, na usiogope. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazizuia shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake, na mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mwanafunzi asiyejua Kiingereza hawezi kuachwa tu akae darasani bila msaada. Kwenye vikao vya elimu maalumu, sheria inaitaka wilaya ihakikishe mzazi anaelewa yanayosemwa, ikiwa ni pamoja na kumpatia mkalimani. Gharama si yako, na mtoto asikalimani kikao kinachomhusu yeye mwenyewe. Mama mmoja aliniambia, "Dada, mimi nilijua wananipigia nikiwa na kosa tu." Alipopata mkalimani aligundua kwamba mwalimu alikuwa anamtafuta muda mrefu ampe mwanawe nafasi katika darasa la hisabati la juu.

Sasa masomo yenyewe. Kuna sehemu mbili, na wazazi wengi huzichanganya. Google Classroom ni mahali mwalimu anapoweka kazi. Tovuti ya wazazi, iwe Infinite Campus, PowerSchool au nyingine, ndiyo inayoonyesha alama na mahudhurio. Kama wilaya yenu imeiruhusu huduma hiyo, mwalimu anaweza kukuunganisha na Classroom ukawa unapokea muhtasari kwa barua pepe kila wiki: kazi ambazo hazijaletwa na zinazokuja. Mwombe. Ukikuta sifuri, usimkaripie mtoto kabla hujafungua kompyuta naye mkatazama pamoja. Mara nyingi kazi imefanyika yote, kilichokosekana ni kubonyeza kitufe cha kuiwasilisha. Watoto wetu waliofika wakubwa, ambao walijifunza kwa daftari na ubao, huangukia hapo sana.

Kuhusu kompyuta ya shule nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo nina wasiwasi mkubwa. Janga la mwaka 2020 lilipofunga shule, serikali kuu ilitoa takriban dola bilioni 190 kwa mafungu matatu, na wilaya nyingi zilitumia sehemu ya fedha hizo kumpa kila mtoto kompyuta ndogo yake, Chromebook. Katika nyumba zetu nyingi ndiyo kompyuta pekee. Basi baba anaitumia kuingia benki, mama anajazia fomu za uhamiaji, mjomba anatafutia kazi. Ndugu zangu, acheni. Kifaa hicho ni mali ya shule, na akaunti ya mtoto ni ya shule. Wilaya nyingi zimeweka programu kama GoGuardian au Gaggle, ambazo kazi yake ni kufuatilia wanachofanya wanafunzi kwenye vifaa au akaunti hizo. Nia yao ni usalama wa watoto, nami naiheshimu, lakini barua zako za uhamiaji hazina sababu ya kupita hapo. Nenda maktaba ya umma: Columbus Metropolitan Library ina kompyuta za bure na intaneti ya bure, na katika matawi yake kuna watu wanaowasaidia watoto kazi za shule baada ya masomo.

Asiyeamini kwamba kifaa cha shule kinaweza kuingia hadi chumbani asome yaliyotokea Lower Merion, kitongoji cha Philadelphia chenye shule za umma zinazosifiwa sana. Wilaya iliwapa wanafunzi wa sekondari kompyuta zenye programu ya kutafuta zilizoibwa, na programu hiyo iliweza kuwasha kamera kutoka mbali. Mwanafunzi mmoja aliitwa na naibu mkuu wa shule akaonyeshwa picha yake iliyopigwa akiwa chumbani kwake. Familia yake ilifungua kesi mwaka 2010. Uchunguzi ulikuta makumi ya maelfu ya picha za kamera na za skrini, na mwezi Oktoba mwaka huo huo wilaya ilikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi hiyo na nyingine ya namna hiyo. Wazazi wale walikuwa wenyeji na Kiingereza wanakijua, lakini hawakuwa wameambiwa.

Hapa Ohio tuna sheria inayotufaa sana. Inaitwa Senate Bill 29, ilianza kutumika tarehe 24 Oktoba 2024. Kila mwaka, kabla au ifikapo tarehe 1 Agosti, wilaya inapaswa kuwajulisha wazazi kampuni za teknolojia ambazo mikataba yake inagusa kumbukumbu za wanafunzi. Ufuatiliaji wa vifaa vya shule umewekewa mipaka, na pale sababu fulani zilizotajwa na sheria zinapoifanya shule ifungue kifaa cha mtoto, mzazi anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Tangazo la Agosti huja refu, limejaa majina ya kampuni, na wengi hulifuta. Lisome, na usipolielewa, lipeleke ofisini uulize. Tena FERPA, sheria ya serikali kuu ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi, inakupa haki ya kuona kumbukumbu za elimu za mwanao, na shule ina siku 45 kukujibu. Haki hiyo huhamia kwa mtoto akifikisha miaka 18, kwa hiyo mwenye kijana wa darasa la mwisho asisubiri.

Kwa ufupi kuhusu bima: wilaya ikikupa nafasi ya kulipia bima ya kompyuta mwanzo wa mwaka, na bei si kubwa, lipa. Fedha za janga zilifikia kikomo Septemba 2024, na ninaona bili za skrini zilizovunjika zikiwafikia wazazi ambao hawakujua bima ipo.

Simu za mikononi zina habari yake. Ohio imezitaka shule zote za umma zipige marufuku simu wakati wa siku ya masomo, kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ukiwa na dharura, piga ofisini. Usimtumie mtoto ujumbe ukamtia matatani. Wilaya pia zimetakiwa ziwe na sera ya akili mnemba (AI) ifikapo tarehe 1 Julai 2026. Muulize kila mwalimu anaruhusu nini, maana anachokubali mmoja mwingine huita udanganyifu.

Mambo haya huamuliwa kwenye bodi ya shule, na vikao vyake viko wazi kwa watu wote. Asiye raia anaruhusiwa kuhudhuria, na muda wa maoni ya wazazi unapokuwepo anaweza kuomba nafasi ya kuzungumza. Asichoruhusiwa ni kupiga kura, hata ile ya kodi ya shule, na asijaribu, kwani inaweza kumharibia kesi yake ya uhamiaji. Ratiba ya vikao na ajenda huwekwa kwenye tovuti ya wilaya. Omba mkalimani mapema, kwa maandishi, na uende na wazazi wenzako wawili au watatu wenye swali lile lile.