Vichupo vya ubavuni: tunavihamia, tunavipitia au tunavihamisha?

SWALI: Maalim, shikamoo. Nafundisha kompyuta hapa Wete, Pemba. Nimewaandikia wanafunzi karatasi ya maelekezo ya kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao, ambacho vichupo vyake (tab kwa Kiingereza, kila kimoja na ukurasa wake) vimepangwa ubavuni, kutoka juu kwenda chini. Sentensi moja inasema: "Badilisha vichupo kwa kusogeza kipanya juu ya kichupo." Baadhi ya vijana walikisukuma kipanya mezani mpaka kikagonga ukuta, wengine wakaanza kuvikokota vichupo na kuvipangua. Mimi nilikusudia wazungushe gurudumu la kipanya. Nimekosea neno gani? Tena mwenzangu ananishikilia niseme "kipanya ameharibika", kwa hoja kwamba panya ni mnyama. Nani kasema sawa?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ukilitazama neno mojamoja, hakuna lililo kosa. Badilisha ni Kiswahili, sogeza ni Kiswahili, juu ya ni Kiswahili. Tatizo ni kwamba yote matatu yana maana zaidi ya moja, na umeyakutanisha katika sentensi moja. Vijana wako walitii walichokisoma.

Nianze na sogeza, maana hilo ndilo lililokigongesha kipanya ukutani. Kitendo hiki humtaka msikilizaji akitazame kitajwa kinachokifuata: sogeza kiti, kiti kinaondoka, sogeza taa, taa inaondoka. Ukisema "sogeza kipanya", kinachoondoka ni kipanya. Najua neno umelitoa wapi. Programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hulitumia kwa maana ya kuupandisha au kuushusha ukurasa, na huko linafaa kwa sababu kinachosogezwa ni ukurasa. Wewe umelichukua neno ukaliacha shamirisho lake. Kwa gurudumu, kitendo kipo na hakina mgogoro: zungusha. "Zungusha gurudumu la kipanya." Kipanya chenye gurudumu kilienea baada ya Microsoft kutoa IntelliMouse mwaka 1996, na kabla yake mkono ulikuwa na kazi mbili tu, kukisogeza kipanya na kubofya. Leo zipo tatu, basi kila moja ipewe kitendo chake.

La pili ni "juu ya". Vichupo vilipokuwa vimepangwa kwa safu, kushoto kwenda kulia, hakuna aliyepata shida na maneno haya. Weka mshale juu ya kichupo, unauweka, basi. Lakini sasa umevipanga kimoja chini ya kingine. Aliyeambiwa auweke mshale juu ya kichupo cha tatu ana haki kabisa ya kuuweka kwenye cha pili, maana hicho ndicho kilicho juu yake. Kiswahili hakitofautishi hapo kati ya kugusana na kupandana. Muktadha ndio uliokuwa ukitufanyia kazi hiyo, nawe umeubadilisha muktadha. Tumia "kwenye kichupo", au "kichuponi" ukipenda ufupi. Neno juu libakie kwa mahali tu: kichupo cha juu, kichupo cha chini.

Sasa badilisha, ambalo kwangu ndilo lenye utamu. Wapo watakaokwambia useme badili, si badilisha, na hoja yao ina uzito, kwani badili yenyewe tayari ni kuacha hiki na kushika kile: tunabadili nguo. Lakini badili nayo haitakufikisha unakotaka. Mwanafunzi akiambiwa "badili kichupo", bado anaweza kudhani kuna kitu afanye juu ya kichupo chenyewe, akigeuze jina au rangi. Anayetoka mahali pamoja kwenda pengine ni yeye msomaji. Kichupo kimekaa palepale. Kitendo cha mtu anayetoka na kwenda tunacho, nacho ni hama.

Tazama jinsi viambishi vinavyoligawa jambo. Jirani kahama Kikwajuni: unajua alikotoka. Kahamia Fuoni: unajua aliko sasa. Kahamisha makabati: yeye na vyombo vyake ni habari mbili. Kwenye kivinjari hali ni hiyohiyo. "Hama kichupo" ni kukiacha kichupo ulichokuwa ukikisoma, bila kusema unakwenda wapi. "Hamia kichupo cha tatu" ni kukifungua cha tatu mbele ya macho yako. "Hamisha kichupo" ni kukiondoa pale kilipo na kukipeleka mahali pengine katika orodha, au hata kwenye dirisha jingine, na hiyo ndiyo kazi ya kuburuta waliyoifanya vijana wako bila kuagizwa. Herufi chache tu za mwisho, na matokeo kwenye skrini ni tofauti kabisa. Wala usiongeze "kwenye" baada ya hamia. Kile kiambishi -i- kimeshafanya kazi hiyo. Hatusemi mtu kahamia kwenye Fuoni.

Ila hamia peke yake haitoshi kwa gurudumu. Ukibofya kichupo cha saba, unakwenda moja kwa moja cha saba, na cha tano na cha sita havikuhusu. Ukizungusha gurudumu, unakutana na vyote vilivyo njiani, kimoja baada ya kingine. Hapo kitendo ni pitia. Kwa hiyo: tunahamia kwa kubofya, tunapitia kwa gurudumu. Nimewaona wengine wakiandika ruka, na hilo nisingelitumia kabisa, kwa sababu "ruka kichupo cha nne" kwa msomaji wa kawaida ni agizo la kutokisoma cha nne. Chupa, kwa maana ya kuruka, nayo ingekuwa na mzaha wake, maana sisi wa visiwani tukisikia "kichupo" masikio yanakimbilia kuchupa, sijui kama na huko Wete wanafunzi wanacheka. Angalia tu wasiandike "kichupa". Hicho ni cha manukato.

Kuna jambo jingine ambalo si la sarufi, lakini usipolitaja sarufi haitakusaidia. Gurudumu halifanyi kazi moja katika vivinjari vyote. Vivaldi, ambayo kwa miaka mingi imeruhusu vichupo kukaa ubavuni, ina mpangilio unaokuwezesha kuvipitia vichupo kwa gurudumu, na ukurasa unabadilika kila unapopiga hatua. Kwingineko, vichupo vikiwa vingi kuliko nafasi, gurudumu huipandisha na kuishusha orodha tu. Ukurasa uliokuwa ukiusoma hautikisiki mpaka ubofye. Edge ilileta vichupo vya wima mwaka 2021, na Firefox ikavitoa katika toleo la 136, Machi 2025, kwa hiyo wanafunzi wako wanaweza kukutana na tabia tofauti kwenye mashine mbili zilizokaa meza moja. Kwa hali ya kwanza andika "pitia vichupo". Kwa ya pili andika "pitia orodha ya vichupo". Neno orodha hapo lina kazi, usilikate kwa kubana nafasi.

Na usiseme "orodha inashuka" ukikusudia kwamba msomaji anakwenda chini. Orodha inapopanda, wewe ndiye unayeshuka. "Shuka kwenye orodha" inatosha, bila hata ile "chini" ya ziada, ingawa mimi si miongoni mwa wanaokunja uso wakiisikia.

Vilevile chunga "kichupo cha mwisho". Ni cha mwisho katika orodha, au ulichokitumia mwisho? Cha kwanza kiite "kichupo cha chini kabisa", cha pili "kichupo ulichotoka". "Kinachofuata" na "kinachotangulia" havina tatizo, na afadhali kuliko "cha kulia" na "cha kushoto", ambavyo mtu akivizoea kwenye safu ya juu ya skrini atavitafuta ubavuni bila kuviona.

Kama unajiuliza kwa nini nashikilia kichupo wakati vijana wana neno lao la Kiingereza, tab, mdomoni, sababu ni moja: lile neno ukilivalisha irabu ya mwisho kama tufanyavyo kwa maneno mengi ya kigeni, linakuwa tabu. "Nimefungua tabu ishirini." "Funga tabu zako kabla ya kutoka." Kwa mazungumzo ya barazani ni kichekesho kizuri, kwenye karatasi ya maelekezo hapana.

Kuhusu kipanya, mwenzako hana hoja, na jibu lake linapita angani kila siku. Ndege mwenye manyoya katua mtini. Ndege ya abiria imetua uwanja wa Karume. Jina ni moja, lakini upatanisho unafuata kama kitajwa kina uhai au hakina. Kipanya wa shimoni kakimbia. Kipanya cha mezani kimeharibika, hakina waya, kinataka betri. Na tunavipitia vichupo kwa kipanya, si na kipanya. Ukisema "na" utakuwa umempa mwanafunzi mwenzake wa kusoma naye.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

"Weka mshale kwenye orodha ya vichupo iliyo ubavuni, kushoto. Zungusha gurudumu la kipanya kuja kwako ili upitie vichupo kimoja baada ya kingine kwenda chini. Lizungushe kwenda mbele ili upande. Kama ukurasa haubadiliki, bofya kichupo unachokitaka ili ukihamie. Usikiburute, isipokuwa unataka kukihamisha. Usilibonyeze gurudumu lenyewe mshale ukiwa kichuponi, kwani kichupo hicho kitafungwa."

Hiyo ya mwisho hukuiuliza. Nimeiongeza kwa sababu mtu anayefundishwa kuzungusha gurudumu kwa mara ya kwanza hulibonyeza bila kutaka, halafu hujui umjibu nini anapokuuliza kichupo chake kimekwenda wapi.